Sura ya Nne: Jibu Sahihi Si Uthibitisho wa Kupona

Jioni ya tarehe 13 Julai 2014, muda mfupi kabla ya fainali ya Kombe la Dunia kuanza katika Uwanja wa Maracanã jijini Rio de Janeiro, kiungo wa Ujerumani Sami Khedira aliumia msuli wa mguu akipasha mwili moto. Nafasi yake akapewa Christoph Kramer, kijana ambaye hakuwa amewahi kuanza mechi ya ushindani akiwa na jezi ya taifa lake. Dakika ya 17, akiwa ndani ya eneo la hatari la Argentina, Kramer aligongana na beki Ezequiel Garay. Bega la Garay lilimpata usoni, akaanguka. Alihudumiwa, akanyanyuka, akarudi mchezoni.

Baadaye kidogo alimfuata mwamuzi, Mwitaliano Nicola Rizzoli, akamuuliza kama ile mechi ndiyo fainali. Rizzoli alidhani anataniwa. Kramer akarudia swali, akasema anahitaji kujua. Alipojibiwa kwamba ndiyo, alishukuru. Mwamuzi akampa taarifa Bastian Schweinsteiger, na dakika ya 31 Kramer akatolewa. Aliyeingia badala yake, André Schürrle, ndiye aliyepiga krosi iliyozaa bao la Mario Götze katika dakika ya 113. Ujerumani ikawa bingwa wa dunia, na mmoja wa watu walioanza mechi hiyo hakumbuki sehemu kubwa ya dakika alizocheza.

Tuzitazame kwa makini zile dakika 14 kati ya kugongwa na kutolewa. Kramer alikimbia, alifuata mpira, alisimama mahali ambapo kiungo anapaswa kusimama. Mamilioni walimtazama kwenye televisheni wakamwona mchezaji kamili. Miguu ilikuwa ikifanya ilichozoea tangu utotoni, huku ubongo ukiwa umepoteza hata jina la shughuli yenyewe. Tofauti hiyo, kati ya kinachoonekana uwanjani na kinachoendelea ndani ya fuvu, ndiyo itakayotushughulisha katika sura hii. Wanasayansi wameipima kwa zaidi ya miaka 25, na walichokipata kinatutaka tubadili namna tunavyoamua nani aendelee kucheza na nani atoke.

Kinachotokea ndani ya fuvu

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, ni laini, na umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kinaposukumwa au kugeuzwa kwa ghafla, fuvu hutangulia na ubongo hufuata kwa kuchelewa. Mwendo wa kuzunguka ndio wenye madhara zaidi, kwa sababu huvuta na kupinda nyuzi ndefu za neva zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine. Huo ndio mtikisiko wa ubongo. Si lazima kichwa chenyewe kiguswe, maana kikumbo cha kifuani kinachorusha kichwa nyuma kinaweza kutosha. Wala si lazima mtu azimie. Wanaopoteza fahamu hawafiki hata mmoja kati ya kumi.

Mwaka 2001 watafiti Christopher Giza na David Hovda wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza mfuatano wa mambo yanayotokea baada ya pigo. Nyuzi zikishavutwa, tando za seli za neva hushindwa kuzuia kinachoingia na kinachotoka. Potasiamu humwagika nje, kalisi huingia ndani, na kemikali ya glutamati huachiliwa ovyo na kuzichochea seli nyingine. Ili kurudisha mizani, pampu za seli hufanya kazi mfululizo, na kazi hiyo hula glukosi nyingi. Wakati huohuo damu inayoleta glukosi hupungua. Ubongo, ambao ni asilimia 2 tu ya uzito wa mwili lakini hutumia kama asilimia 20 ya nishati yake, unajikuta unadaiwa zaidi huku ukiletewa kidogo. Upungufu huo haumalizwi na mapumziko ya nusu saa. Huendelea kwa siku, na mara nyingi kwa wiki.

Hapa ndipo familia nyingi hupotezwa. Mchezaji hupelekwa hospitali, hupigwa picha ya CT, na majibu yanasema hakuna tatizo. Picha ile inatafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, na ni jambo la heri visipokutwa. Lakini haioni potasiamu wala glukosi, na haiwezi kuonyesha seli zinazohangaika kutafuta nishati. Ubongo wenye mtikisiko huonekana mzima kwenye picha ya kawaida kwa sababu kilichoharibika ni utendaji wake.

Kumbukumbu ya kazi ni nini

Mwaka 1974 wanasaikolojia wa Uingereza Alan Baddeley na Graham Hitch walieleza aina ya kumbukumbu waliyoiita kumbukumbu ya kazi. Ni uwezo wa kushika mambo machache akilini kwa sekunde kadhaa na papo hapo kuyafanyia kazi. Namba ya simu unayotajiwa na kuibonyeza kabla haijapotea iko katika kumbukumbu hiyo, na hesabu ya chenji unayoifanya huku unaongea na muuzaji pia. Nafasi yake ni finyu. George Miller, Mmarekani, alikadiria mwaka 1956 kwamba mtu hushika vitu kama saba kwa wakati mmoja, na utafiti wa baadaye uliishusha idadi hiyo hadi kama vinne.

Sasa mfikirie kiungo anayepokea mpira huku amelipa goli la wapinzani mgongo. Kabla haujamfikia alishatupa jicho na kuona beki yuko bega la kushoto, winga ameanza kukimbia upande wa kulia, kipa amesogea mbele. Kocha alisema wakati wa mapumziko wasicheze katikati. Zimebaki dakika tano na wanaongoza kwa bao moja. Yote hayo anayashika kwa pamoja, anayafuta na kuyaandika upya kila sekunde, na ndani yake anachagua pasi. Tunaposema mchezaji fulani ana akili ya mpira, sehemu kubwa ya tunachokisifia ni kumbukumbu yake ya kazi.

Kazi hiyo haifanywi na kona moja ya ubongo. Hutegemea sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso kuelekea juu ya panda za uso, ikishirikiana na sehemu za nyuma ya utosi. Sehemu hizo ziko mbali, na kinachoziunganisha ni zile nyuzi ndefu ambazo pigo huzivuta. Kwa hiyo mtu anaweza kupata mtikisiko akabaki anajua jina lake, jina la mama yake na njia ya kwenda kwao, lakini akashindwa kushika mambo manne kwa pamoja.

Mashine ilipotazama

Ili kupima kumbukumbu ya kazi, watafiti hutumia jaribio ambalo maelezo yake ni mepesi kuliko kulifanya. Herufi zinapita mbele yako moja moja. Kwanza unabonyeza kitufe ukiona herufi iliyofanana na ile iliyotangulia. Kisha unabonyeza ukiona herufi iliyofanana na ile iliyopita mbili nyuma. Kila hatua huongeza mzigo wa kushika na kufuta. Mhusika hulifanya akiwa amelala ndani ya mashine ya MRI iliyotegwa kufuatilia mtiririko wa damu, ili ionekane ni sehemu zipi za ubongo zinazofanya kazi na kwa nguvu kiasi gani.

Mwaka 1999 Thomas McAllister na wenzake wa Dartmouth, Marekani, waliwapima watu waliokuwa na takriban mwezi mmoja tangu kupata jeraha dogo la ubongo, wakawalinganisha na watu wazima wenye afya. Alama za makundi hayo mawili zilikaribiana. Lakini mzigo ulipoongezwa kutoka herufi moja nyuma hadi mbili, ubongo wa waliojeruhiwa uliwaka zaidi na kwa eneo pana zaidi kuliko wa wenzao. Walipata jibu lilelile kwa gharama kubwa.

Mwaka 2004, huko Montreal, Kanada, Jen-Kai Chen, Alain Ptito na wenzao waliwapima wanamichezo waliopata mtikisiko kwa jaribio la kumbukumbu ya kazi. Hapa napo alama zilikaribiana na za wanamichezo wazima. Safari hii, hata hivyo, ile sehemu ya mbele iliyotarajiwa kufanya kazi ilionyesha nguvu ndogo, na kwa baadhi yao sehemu nyingine za ubongo zilionekana kushughulika mahali ambapo hazikutarajiwa.

Matokeo hayo mawili yanaonekana kupingana, maana huku shughuli imezidi na kule imepungua. Yanapatana tukizingatia kwamba jaribio ni tofauti, muda tangu jeraha ni tofauti, na mzigo ni tofauti. Ubongo uliojeruhiwa unaweza kujikaza na kuita nguvu ya ziada. Unaweza pia kushindwa kuiamsha sehemu inayohusika na kuzungukia njia nyingine. Kwa vyovyote, ndani si kama zamani, ingawa jibu linalotoka ni lilelile.

Ukiwa ndani ya lori lililosheheni mizigo likipanda mlima wa Kitonga, unaweza kuona linasonga mbele sawasawa na kudhani hakuna shida. Dereva anajua injini inavyounguruma, joto linavyopanda na mafuta yanavyokwisha, na anajua pia kwamba likiongezwa gunia jingine halitafika juu. Mchezaji aliyepata mtikisiko akajibu maswali vizuri pembeni ya uwanja yuko katika hali hiyo. Hujui amelipia jibu lake kwa kiasi gani, na hujui kimebaki kiasi gani.

Hii ndiyo sababu dalili hujitokeza pale mzigo unapoongezeka. Mwanafunzi anaamka asubuhi akiwa mzima, anakaa darasani vipindi vitatu, na kichwa kinaanza kuuma. Anasoma ukurasa mmoja mara mbili bila kushika kitu. Mwalimu anamwona mvivu, mzazi anadhani anatafuta kisingizio. Uwanjani, mchezaji huyohuyo huchelewa kuamua, hufika kwenye mpira baada ya mwenzake, hukanyaga vibaya. Tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba wanamichezo wanaorudi baada ya mtikisiko huumia miguu na magoti zaidi kuliko wenzao. Goti na ubongo vinaonekana kuwa mbali, lakini mguu huwekwa mahali ambapo ubongo umeamua, na uamuzi ukichelewa goti ndilo linaloumia.

Wimbi lililofifia

Ipo njia nyingine ya kuchungulia, nayo ni kupima umeme wa ubongo kwa vipokezi vinavyobandikwa kichwani. Mtu akigundua kitu alichoagizwa kukitafuta, kwa mfano sauti moja tofauti katikati ya nyingi zinazofanana, hutokea wimbi dogo la umeme takriban milisekunde 300 baadaye. Wimbi hilo, liitwalo P300, huonyesha kiasi cha umakini ambao ubongo umeuelekeza kwenye jambo hilo na jinsi unavyoifanya upya picha iliyo katika kumbukumbu ya kazi. Kwa wanamichezo waliopata mitikisiko, watafiti wamelikuta wimbi hilo limefifia hata kwa watu waliosema hawana dalili yoyote na waliokwisha kurudi mazoezini.

Louis De Beaumont na wenzake wa Montreal walikwenda mbali zaidi mwaka 2009. Waliwatafuta wanamichezo wastaafu ambao mtikisiko wao wa mwisho ulitokea zaidi ya miaka 30 nyuma, wakati wa ujana, wakawalinganisha na wanamichezo wa umri wao ambao hawakuwahi kupata mtikisiko. Wote walikuwa watu wenye afya, wanaoendesha maisha yao bila matatizo. Hata hivyo wale wa kundi la kwanza walikuwa na wimbi dhaifu zaidi, kumbukumbu iliyopungua kiasi, na mwendo wa mkono uliokuwa wa polepole zaidi. Pigo la ujanani lilikuwa bado linasomeka uzeeni.

Mapigo yasiyo na jina

Jambo lililowashtua watafiti kuliko yote lilipatikana bila kutafutwa. Katika Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, Thomas Talavage na wenzake waliwafuatilia wachezaji wa mpira wa Kimarekani wa shule ya sekondari. Kofia zao zilifungwa vihisi vya kuhesabu na kupima mapigo, na wachezaji walipigwa picha za MRI kabla ya msimu na wakati wa msimu. Lengo lilikuwa kuwalinganisha waliopata mtikisiko na wasioupata. Lakini miongoni mwa wale ambao hakuna daktari aliyewahi kuwaona na mtikisiko, baadhi walionyesha kushuka kwa kumbukumbu ya kazi ya vitu vya kuonekana na mabadiliko katika ile sehemu ya mbele ya ubongo. Walikuwa wamepokea mapigo mengi ya kichwa, moja moja lisilotisha. Hakuna aliyewatoa uwanjani kwa sababu hakuna aliyeona sababu, hata wao wenyewe.

Kwa wapenzi wa kandanda, utafiti wa Chuo Kikuu cha Stirling, Scotland, wa mwaka 2016 unagusa karibu zaidi. Wachezaji walipiga vichwa mipira 20 iliyorushwa na mashine kwa kasi ya kona ya kawaida. Mara baada ya hapo, ufanisi wao katika majaribio ya kumbukumbu ulishuka kwa asilimia kati ya 41 na 67. Baada ya saa 24 ulikuwa umerudi. Mabadiliko hayo ni ya muda, na haifai kuyatumia kuwatisha watu. Lakini mipira 20 ni zoezi la kawaida kabisa, na wapo wanaolifanya kila wiki kwa miaka 15.

Mwisho wa njia hiyo tumeuona kwa wachache. Mshambuliaji wa zamani wa West Bromwich Albion na England, Jeff Astle, aliyesifika kwa mabao ya kichwa, alifariki mwaka 2002 akiwa na miaka 59 na ugonjwa wa kupoteza akili, na afisa mchunguzi wa vifo alihusisha kifo chake na kazi yake. Mwaka huohuo, huko Pittsburgh, daktari mzaliwa wa Nigeria, Bennet Omalu, aliuchunguza ubongo wa Mike Webster, nyota wa mpira wa Kimarekani aliyefariki akiwa na miaka 50, akakuta protini iitwayo tau imejikusanya mahali isipopaswa kuwa. Mwaka 2019 utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow uliwahusisha wachezaji wa kulipwa wa zamani wa Scotland 7,676. Uwezekano wao wa kufa kwa magonjwa ya kudhoofika kwa ubongo ulikuwa mara tatu na nusu ya ule wa watu wa kawaida. Haina maana kwamba kila mchezaji atafika huko. Inatosha kuonyesha kwamba kichwa kina hesabu yake, na hesabu hiyo hujumlishwa.

Kanuni zilizotokana na ushahidi huu

Madaktari wa michezo hutumia kipimo cha pembeni ya uwanja ambamo mchezaji hupewa orodha ya maneno ya kukumbuka, hutakiwa kurudia tarakimu kuanzia ya mwisho, na kutaja miezi kuanzia Desemba kurudi nyuma. Anayejua kumbukumbu ya kazi anaona mara moja kwa nini. Kurudia tarakimu kwa mpangilio wake ni kushika, na kuzigeuza ni kushika na kufanya kazi. Kipimo hiki kina thamani kubwa kwa kumkamata anayeshindwa. Kwa anayefaulu, tuliyoyaona Dartmouth na Montreal yanatuonya tusikimbilie kumruhusu.

Sheria zimekuwa zikielekea huko. Baada ya Kombe la Dunia la 2014, FIFA ilimpa mwamuzi nafasi ya kusimamisha mchezo hadi dakika tatu ili daktari wa timu atoe uamuzi. Kuanzia mwaka 2021 yakafanyiwa majaribio mabadiliko ya ziada ya mchezaji kwa ajili ya mtikisiko. Mwaka 2015 shirikisho la soka la Marekani liliwazuia watoto wa miaka 10 na chini kupiga mpira kwa kichwa. Jimbo la Washington lilitunga mwaka 2009 sheria iliyopewa jina la Zackery Lystedt, mvulana ambaye akiwa na miaka 13 aligongwa, akapumzishwa kidogo, akarudishwa mechini, kisha akaanguka kwa kuvuja damu ubongoni. Chini ya sheria hiyo, mtoto anayeshukiwa kupata mtikisiko hutolewa, na harudi bila kibali cha maandishi cha mtaalamu wa afya. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 ya Marekani yalikuwa na sheria ya namna hiyo.

Shirikisho la raga duniani, ambalo Kenya na Uganda hucheza chini yake, lina kanuni iliyo wazi kwa michezo isiyo na daktari aliyefunzwa kutathmini majeraha ya kichwa: anayeshukiwa anatoka, na siku hiyo harudi. Kandanda ya mitaani kwetu haina kinachoizuia kufuata kanuni hiyohiyo. Haihitaji mashine wala fedha.

Kwa kocha, mzazi na mwalimu

Mechi nyingi za mchangani, za shule na za mitaa huchezwa bila daktari. Aliyegongwa humwagiwa maji kichwani, huulizwa kama yuko sawa, hujibu ndiyo, na jukwaa humshangilia kwa ujasiri wake. Swali hilo linaulizwa kwa kiungo kilekile kilichojeruhiwa. Ubongo ulioumia hauwezi kuwa shahidi wa kuumia kwake, na kijana wa miaka 16 anayeota kusajiliwa na timu kubwa ana kila sababu ya kusema ndiyo.

Kwa hiyo usimuulize. Ukimwona ameshika kichwa, anayumba, anakutazama bila kukuona, anajibu polepole, amesahau matokeo au amekwenda upande usio wake, mtoe. Akitapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, akilegea upande mmoja au akizidi kusinzia, mkimbize hospitali bila kungoja mechi iishe. Apumzike kwa siku moja au mbili, kisha aanze kutembea na mazoezi mepesi kadiri dalili zinavyoruhusu, maana kujifungia gizani kwa wiki nzima hakuharakishi kupona. Arudi darasani taratibu kabla ya kurudi uwanjani, na apande hatua kwa hatua, mazoezi ya kugongana yakiwa ya mwisho, tena kwa ruhusa ya daktari. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki mbili, watoto wengi ndani ya wiki nne. Wanaochelewa zaidi si waoga, ni wagonjwa.

Kocha anayemtoa mchezaji wake bora dakika ya 17 anaweza kupoteza mechi na kutukanwa hadi nyumbani kwake. Anapaswa kutetewa, na viongozi wa klabu, walimu wa michezo na wazazi ndio wa kumtetea. Mechi ina marudiano na msimu una mwakani. Kijana huyo ana ubongo mmoja, na ndio atakaoutumia kufanya mtihani, kujifunza kazi na kulea watoto wake kwa miaka 50 baada ya kutundika viatu.